Mtu Anayengoja Garini

Barabara ya Hickory,
Ohio.
9 Februari, 2013.

Mpendwa binamu yangu Nadine,

Hujambo, na baridi ya huko Alaska inakuachia pumzi? Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza pale kanisani? Na mumeo Harlan, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku tupo. Theluji imetufika magotini na mbwa hataki kutoka hata kujisaidia. Bobbie anakusalimu. Amenunua kikaango kipya cha chuma, na sasa kila kitu ndani ya nyumba hii kinakaangwa, hata visivyostahili.

Najua umenipigia simu mara kadhaa na sikupokea. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nakushuku. Nitakueleza, ila tafadhali usimsomee Harlan barua hii mpaka uimalize mwenyewe.

Tangu majani yaanze kupukutika nimekuwa nikitokwa na damu, mimi niliyeagana na hedhi zamani hizo. Nilinyamaza. Bobbie alipogundua aliwaka, akasema nisipokwenda hospitali atanibeba mgongoni kama gunia la viazi. Basi tukaenda kwenye ile hospitali ya askari wastaafu, kwa kuwa miaka yangu ya kutengeneza malori ya jeshi ndiyo bima pekee niliyo nayo.

Hata sijafuta theluji viatuni, mzee wa mapokezi akaniuliza, "Mama, mumeo yuko wapi? Mwambie asogee nimsajili."

"Askari ni mimi," nikamwambia.

"Aa, samahani, afande," akasema huku akicheka. "Na mzee umemwacha nyumbani?"

Unaona? Hata hajakaa sawa, tayari anamtafuta mzee wangu. Bobbie alikuwa nje garini. Ndivyo tulivyofanya sikuzote: mmoja akiingia kwa daktari, mwingine anangoja garini, redio imewashwa, macho mbele. Hatukuwahi hata kulijadili.

Daktari ni binti mdogo anayeitwa Whitcomb. Alinipima kwa upole, sina la kumlaumu. Kisha, bila hata kukohoa, akaniuliza kama nalala na wanaume, wanawake au wote. Machale yakanicheza. Nikatazama kama mlango umefungwa. Nikakitazama na kile kidude cha kunusa moshi darini. Nikamjibu, "Nalala na mbwa." Akacheka, lakini swali lake hakuliondoa. Akasema anauliza kwa faida ya afya yangu. Nadine, maneno hayohayo ndiyo aliyoambiwa Peggy Dufresne.

Sijawahi kukusimulia habari za Peggy. Tulikuwa kambi moja kule Ujerumani, kitanda chake kikielekeana na changu. Alikosa usingizi, akaenda kwa daktari wa jeshi, akamwamini, akamwambia analia kwa ajili ya msichana. Wiki iliyofuata wapelelezi walimmwagia kabati lake sakafuni mbele yetu sote na kumtaka awataje wengine. Hakumtaja hata mmoja. Walimfukuza bila haki zake, na mimi nikajifunza kumwonyesha daktari panapouma tu, basi. Najua sheria ya jeshi ya kuwafukuza watu kama Peggy imebadilishwa juzijuzi. Aliyeibadilisha anaweza kuibadilisha tena.

Vipimo vikarudi: saratani ya mji wa mimba. Wanasema imewahiwa, na ikitolewa upesi nitapona. Wakataka jina la jamaa yangu wa karibu. Nikataja lako.

"Alaska?" nesi akashangaa. "Hakuna wa karibu zaidi ya hapo?"

"Hakuna," nikasema, na Bobbie yuko ng'ambo ya dirisha.

Sasa sikiliza kilichonitoa roho. Siku ya kutolewa damu kabla ya upasuaji, nesi huyo, Bi Odom, mama wa makamo ambaye naye aliwahi kuwa jeshini, aliniinamia akaninong'oneza: "Yule mwenzako kule garini ataganda. Si umwambie aingie? Kahawa ipo."

Mwenzako! Nani kaitoa siri? Nikamshuku mzee wa mapokezi. Nikazishuku kamera za maegesho. Mwishowe nikakushuku wewe, kwa sababu namba yako ndiyo waliyokuwa nayo, unajua naishi na Bobbie, na wewe ukianza kuongea na mtu kwenye simu huachi mpaka umemwambia rangi ya soksi za Harlan. Nikavaa koti, nikawaambia upasuaji siutaki tena, nikatoka.

Bobbie nilimwambia wameahirisha. Akaendesha mpaka nyumbani. Tulipofika jikoni, hata sijavua viatu, akanigeukia.

"Umetoroka wewe."

"Wanajua, Bobbie. Wanatuchunguza."

"Ni mimi niliyesema."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Kisukari changu unadhani natibiwa wapi, kwa mchinjaji?" akasema. "Na mimi nilikuwa baharia wa jeshi, nina haki pale kama wewe. Yule binti aliniuliza swali lilelile. Nikamwambia wanawake, tena mmoja tu, na kichwa chake kigumu kama nanga. Odom alikuwepo. Jina lako sikulitaja, lakini ana macho. Si anatuona pale maegeshoni?"

"Na ukanificha!"

"Ungenila nyama."

"Wamekufanya nini?"

"Wamenibadilishia dawa. Ndilo kubwa walilonifanya."

Sikuamini, na kusema kweli bado siamini sana. Nikamwambia wapelelezi huwa hawana haraka. Hapo Bobbie, ambaye sikumwona akilia hata alipomzika mama yake, aliketi sakafuni akaanza kulia.

"Ukifia mle ndani," akasema, "watampigia Nadine. Nadine atampigia kaka yako. Na mimi nitakuwa nje nasikiliza redio, hakuna hata mmoja atakayekuja kunigongea kioo."

Niliketi kando yake sakafuni, Nadine. Nililia naye, nikaona aibu, nikalia tena.

Upasuaji utafanyika Jumanne ya wiki ya pili ijayo. Nilipopiga simu kwa woga, kumbe Odom hakuifuta nafasi yangu, jambo ambalo nalo limenitia wasiwasi kidogo. Bobbie ataingia nami. Nimemwahidi kwamba asubuhi hiyo nitawaambia waliondoe jina lako, waweke lake. Lakini unanijua. Mdomo huu nimeufunga karibu maisha yangu yote, na nikisimama mbele ya yule mzee wa mapokezi, huenda nikamwambia kwamba huyu ni mpangaji wangu tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Wakikupigia, usiwaambie uko mbali, na usimtafute kaka yangu Dwight. Atakuja na mchungaji wake wamtoe Bobbie chumbani. Mwambie anayepiga amwite Bobbie Szymanski. Akiuliza huyo ni nani wangu, mwambie ni mke wangu. Hapa Ohio serikali haijalikubali neno hilo, na sijui wewe utalipokeaje, pamoja na kusali kwako kote. Nimelikodolea macho hapa mezani kwa muda mrefu nikitaka kulikata. Nimeliacha.

Nisalimie sana binti yako Corinne na wanawe. Mwambie Harlan aendeshe polepole barafuni. Shangazi Verna, kama bado anasikia, mpigie kelele umwambie nampenda. Mungu awape joto ndani ya nyumba na amani kati yenu.

Na kama barua hii imekufanya unichukie, Nadine, nakuomba usubiri. Nichukie kuanzia Jumatano. Jumanne nakuhitaji.

Wako akupendaye, pamoja na wasiwasi wake wote,

Glenda