Baba Anaomba Mvua Isinyeshe

Cheyo, Tabora,
14 Machi, 1956.

Kwa dada yangu mpendwa Josepha,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe pamoja na shemeji Yahaya na wapwa zangu, ambao hadi leo nawajua kwa majina tu. Mimi sina ugonjwa wa mwili, namshukuru Mungu. Shangazi Apolinaria hajambo isipokuwa magoti, ambayo anadai yamechakazwa na sala wala si uzee.

Utashangaa kuona bahasha imetoka nyumbani badala ya Makerere. Niliomba ruhusa chuoni baada ya shangazi kunipasha habari kwamba baba hawezi tena kumeza ugali. Nilimkuta kitandani, yule aliyekuwa akipanda miti ya Sikonge na mzinga wa nyuki begani, na sasa shati linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Daktari alinieleza, kwa upole ambao sikuutaka, kwamba ana uvimbe tumboni na umekwisha kuenea. Hakuna kisu cha kuuondoa, si hapa wala Dar es Salaam.

Wanijua, dada. Sikukubali. Nilisimama kando ya kitanda nikahutubia kana kwamba niko ukumbini: kwamba watu wetu wamefundishwa kupiga magoti kwa muda mrefu mno hata wamesahau kusimama, kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu za wengine hadi pwani, nasi leo tunabeba subira tuliyotwishwa na wengine, kwamba sala isiyodai hospitali ni sala ya mtumwa. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba shangazi aniletee maji ya kunywa, kwa kuwa mgonjwa ni yeye lakini aliyechoka ni mimi. Shangazi alicheka hata ikambidi aketi.

Lakini kicheko hakikudumu, maana mambo mawili yalikuwa yameitia nyumba hii katika minong'ono. La kwanza lilikuwa mpako wa mwisho. Padre alikuja na mafuta matakatifu, baba akasema bado. Akaja tena, akajibiwa vivyo hivyo. Nawe unajua watu wetu wanavyouchukulia mpako huo: padre akionekana mlangoni na mafuta, majirani huanza kuulizana nani atachimba kaburi. Basi Cheyo nzima ikaamua kwamba Damas Luhende, aliyewafundisha wengine sala za kufa vyema, anaogopa kufa. Katekista Marko alinivuta pembeni akaniomba mimi, msomi, nimtie baba moyo wa imani. Fikiria, dada: mimi!

La pili lilikuwa baya zaidi. Baba alikuwa akiomba mvua isinyeshe. Mahindi ya watu yanabeba, udongo umeanza kupasuka, na kanisani inasaliwa novena ya mvua. Shangazi akiongoza Rozari sebuleni, akifika kwenye ombi la mvua, sauti ya baba inatoka chumbani ikimsihi Bwana aishikilie kwanza, aishikilie kidogo tu. Na kweli haikunyesha. Huhitaji kuelezwa maana ya kufunga mvua katika nchi hii ya Unyamwezi. Jirani yetu mzee Ngollo alikuja, akakataa kiti, akauliza kama mgonjwa wetu bado ni Mkristo au amerudia mambo ya zamani. Shangazi alimjibu kwamba kaka yake angekuwa na amri juu ya mawingu, angeanza kwa kuyaelekeza kwenye paa bovu la Ngollo. Ngollo alipokwisha kuondoka, shangazi akalia.

Jana nikaketi kitandani kwa baba. Sikuhutubia. Nilimuuliza tu kwa nini anaomba jambo linalowaumiza majirani zake. Badala ya kunijibu aliniuliza habari za reli: je, garimoshi linapita upande wa Malagarasi? Alikumbuka jinsi mvua za Machi zilivyozoa tuta mwaka mmoja, abiria wa magharibi wakakwama huko huko. Nikamwambia nimesikia linapita vizuri. Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Basi mwandikie dada yako," akasema. "Mpagazi haanzi safari akiacha ugomvi nyumbani. Padre angoje."

Hilo, dada, ndilo nililotumwa. Babu alikuwa mpagazi, na kabla ya kuinua mzigo wa pwani kila mpagazi alipita kwa aliokosana nao, kwa kuwa waliamini kwamba ugomvi ulioachwa nyumbani humwua mtu njiani. Baba haogopi mafuta. Hataki Mungu amsamehe kabla hajakuomba wewe msamaha. Yule aliyeapa, siku ulipoolewa na Yahaya, kwamba usikanyage hata mazishini kwake. Aliyekataza jina lako lisitajwe chini ya paa hili. Ndiye anayezuia mvua ya nchi nzima ili reli isikatike kati yake nawe huko Usinge.

Akaongeza neno moja: "Aje na mumewe. Nimemkosea na yeye."

Mimi ninayedai haki za watu siwezi kuikana yako. Una haki ya kutokuja, na hakuna atakayekuhukumu mbele yangu. Nakueleza tu kwamba mchana wa leo mawingu meusi yamepanda kutoka magharibi, majirani wakatoka wakishangilia, nami nikasimama uani nikaomba yapite. Sijui kama ile ilikuwa sala. Nilisema "Bwana, ngoja," na sikuwa na hoja nyingine.

Daktari hahesabu majuma, anahesabu siku. Nitakuwa stesheni kila garimoshi la kutoka Kigoma linapoingia.

Shangazi anakusalimu sana, na katekista Marko, na hata Ngollo, ambaye sasa ameelezwa na ameona haya. Msalimie shemeji kwa heshima zote, uwabusu watoto.

Shangazi amekwisha kumtenga jogoo, Kwaresima au si Kwaresima, na amemwomba jirani yetu Shaban aje amchinje mkifika, ili shemeji ale katika nyumba hii bila wasiwasi. Aliyemkumbusha ni baba.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Anselm Luhende