Nilivyorudisha Laptopu kwa Jani la Sale

Jumatano, Kilema. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika. Ila moyo wangu leo mweupe.

Niseme ukweli. Wiki iliyopita niliuza ng'ombe wetu mtamba, nikashuka Moshi peke yangu kumnunulia binti yangu Neema laptopu. Anataka kujifunza kutengeneza programu za simu, nami nilitaka kumfurahisha bila kumwambia. Nikachagua kama ninavyochagua ng'ombe mnadani: nikatazama umbo, nikapapasa mgongo, nikabeba iliyong'aa.

Neema akaiwasha. Ile programu ya kufanyia kazi zake ikagoma kufunguka. Memori ndogo.

"Mama, si ungeniuliza?"

Nikaenda bandani. Kamba ya mtamba ilikuwa bado inaning'inia. Na risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Nimeishia la saba, lakini hilo nililisoma vizuri.

Nimemtupa bure yule mnyama?

Jana nikachuma jani la sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Kwetu ukimpelekea mtu sale umemwomba radhi, na kukataa ni vigumu. Neema alinicheka njia nzima. "Mama jamani, dukani hawapokei majani!"

Muuzaji alipoliona juu ya boksi akashika kichwa. "Aisee mama, umenifunga mikono. Mimi mtu wa Rombo, sale nitaikataaje? Haya, chagueni nyingine."

Safari hii nilikaa kwenye stuli, mdomo nimefunga. Neema akauliza memori, akauliza betri inakaa saa ngapi, maana umeme wa huku tunaujua. Akachagua iliyotumika, nyeusi, imekwaruzika pembe. Mimi ningeipita kama ng'ombe aliyekonda.

Nikauliza kwa woga, na simu ya kujaribia hizo programu je? Nilishaona nitaambiwa nimuuze hata mama wa yule mtamba.

"Ya kwako inatosha, Mama. Ikikubali kwenye simu yako yenye ufa, itakubali kwa wamama wote wa Kilema."

Leo mchana namenya ndizi, akanipa simu yangu. Ukurasa mweupe, kitufe kimoja. Nikabonyeza. Ikaandika: Shikamoo Mama.

Nikaitikia marahaba kwa sauti, mkono umejaa utomvu.

Asante Mungu. Asante kaka wa Rombo. Asante mtamba, popote ulipo.

Siku nyingine nitauliza kwanza. Jioni hii nimeitundua ile kamba bandani. Nafasi ya mtamba sasa naweza kuitazama bila majuto.