Usinijie na Bastola

Bariadi

Mjukuu wangu Shigela,

Una miguu, au uliiuza mnadani pamoja na madume? Tangu uniache hapa, pamba imelimwa, imechumwa, imelimwa tena, na wewe hujatia pua. Kutoka huko nyumbani Lingeka mpaka Bariadi siyo Ulaya! Nakuamkia kwanza: mwangaluka, mume wangu mdogo. Umeamkaje? Mkeo hajambo? Ng'ombe wanapata maji? Mimi magoti yananiuma, macho ni yaleyale, roho ipo. Anayeniandikia ni jirani yangu Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge. Ananiomba nipunguze ukali. Nimemwambia andika hivyohivyo.

Uliponipigia simu ukasema unatafuta kibali cha bastola, kwamba ukikipata ndipo utanirudisha nyumbani, na yule Nkwabi wa mapanga akisogelea mlango utamlaza chini, mimi nilikata simu. Ukadhani mtandao umekata. Nilikata kwa sababu kitu chenyewe sikijui. Basi nimekwenda kukijua.

Mama Zuhura anayo, ya halali. Wezi walimvamia dukani wakamvunja mkono, ukaunga vibaya, ndiyo akaomba kibali. Huwa anakwenda kulenga shabaha kwenye uwanja ulio nje ya mji, kwa mwanajeshi mmoja mstaafu. Nikamwambia, nipeleke. Akacheka. "Mayu, mama yangu, wewe ukalenge nini? Hata uzi kwenye sindano nakutungia mimi." Tukaenda.

Shigela, nilidhani wanapiga makopo. Wamesimamisha karatasi yenye mtu! Mtu mzima, ana mabega, ana kichwa, hana uso. Mama Zuhura akaziba masikio, akasimama na ule mkono wake uliopinda, akapiga. Masikio yangu nayo yalikuwa yamezibwa, lakini kifua kiliruka kama ndama aliyeona fisi. Akapiga tena na tena, jasho linamtiririka. Nikamuuliza, "Unamlenga nani?"

"Aliyenivunja mkono."

"Ulimwona uso?"

"Sikumwona."

Basi kila anayeingia kununua kitenge anaweza kuwa yeye. Hapa anaandika huku amenuna, lakini alikiri mwenyewe: tangu aiweke ndani hajalala usingizi wa maana. Paka akiruka juu ya bati, anaishika.

Nikaomba na mimi. Yule mwanajeshi mstaafu akakataa. Nikamwambia nimezalisha kijiji kizima, mikono hii haijaangusha mtu. Akasimama nyuma yangu akanishika viwiko. "Usivute kwa nguvu, bibi. Bonyeza taratibu, kama unakamua ng'ombe mwenye kidonda." Nikabonyeza. Mikono ikaruka juu. Nilipofumbua macho watu wanapiga makofi. Nimempata kifuani.

Wakanipeleka nikaone. Kile kitundu kinaingia kidole changu cha mwisho. Nikajikuta nasema, "Pole, baba." Wakacheka mpaka wakashika magoti. "Bibi, hiyo karatasi!" Mimi sikucheka. Yule asiye na uso nilishamtia uso. Nilikuwa nimempiga Nkwabi.

Wewe unamjua Nkwabi aliyekuja na wenzake na mapanga, akisema macho yangu mekundu yamemla mtoto wake. Mimi namjua na Nkwabi mwingine. Alipotoka tumboni mwa mama yake hakuwa anapumua. Nilimfyonza kamasi kwa mdomo wangu mpaka akalia. Na huyo mtoto wake aliyekufa kwa homa, nilimpokea mimi. Nilimlilia, ila nani angeniona, nami nimejikunja nyuma ya kihenge chako cha nafaka, nawakimbia? Macho haya ni moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe. Mama yake Nkwabi mwenyewe alikuwa nayo hivihivi, na Nkwabi anajua. Uchungu ulitafuta mahali pa kukaa, ukanikalia mimi.

Namchukia. Mama Zuhura, andika: namchukia mpaka leo. Pale uwanjani mkono wangu ulifurahi, na hicho ndicho kilichonitisha. Kama mkono wa kikongwe umefurahi hivyo kwa karatasi, wako wenye damu ya moto utafanyaje? Utamlaza, watakufunga. Ndugu zake watawajia watoto wako. Na Lingeka nzima itasema, oneni, bibi alimla mtoto, sasa amemmalizia na baba. Nitarudi nyumbani gani hapo? Acha hicho kibali. Heri nife huku kwenye chumba cha kupanga kuliko kurudi kwa njia hiyo.

Nisalimie mkeo Kabula anayenitunzia kuku. Msalimie dada yangu Minza, mpigie kelele maana hasikii. Na mjomba wako Masunja, mganga wa mbuzi, mwambie dawa yake ya magoti haifai kitu.

Alama ya dole gumba hapa chini ni yangu, bibi yako, Ng'wana Masanja.

Sasa sikiliza. Kabla ya kuja, pita kwa Nkwabi. Usibebe hata fimbo. Mwambie bibi anataka kumpikia, atakaa jikoni anitazame nikisonga, na nitaonja mimi kwanza. Akikataa, rudi ukamwulize tena baada ya mavuno. Akikubali, mpakie nyuma kwenye pikipiki yako, akushike kiuno mpaka Bariadi.