Mjomba Anasema Niandike Kwamba Baba Amekufa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia. Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea kazi za maabara, mama yangu ni dobi wa hospitali na amenilea peke yake tangu baba alipotuacha nikiwa darasa la pili, sasa nilipoomba mkopo wa masomo nikajibiwa kwamba baba yangu yu hai na ana mshahara, kwa hiyo nitapewa nusu na yeye alipe nusu, kana kwamba tunakula naye meza moja, na chuo kimesema asiyemaliza ada hafanyi mtihani.

Nikamfuata kazini kwake, ni msimamizi wa ghala la saruji, nikakaa getini mpaka akatoka, na kwa kweli nilifurahi kuona tumefanana pua, lakini mwenzake alipouliza, "Huyu nani, bosi?" baba akasema, "Binti wa jirani yetu wa zamani," akaninunulia soda, akaniambia, "Msalimie mama, nitapiga simu," na hajapiga mpaka leo.

Tangu hapo siwezi kukaa na watu, wenzangu wakienda kula najifanya nimeshiba, najilaza chumbani nikiwasikia wakicheka koridoni, mama akipiga namwambia kila kitu kimelipwa, anashukuru Mungu huku mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake, nami nakata simu kabla sauti haijanisaliti. Niliyemwambia ni mjomba tu, akanijibu, "Andika amekufa. Kwani kwako yu hai?" Anamjua mtu wa kutengeneza cheti cha kifo, anangoja nimtumie jina kamili la baba, nami naliandika nalifuta, naliandika tena. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa maabara

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nilipofika kwenye ile soda niliiweka barua chini kwanza.

Sasa nisikilize, maana nitakukaripia. Cheti cha kifo cha mtu anayekwenda kazini kila asubuhi hakitakulipia ada, kitakupeleka jela. Mjomba wako anakupenda, sina shaka, lakini siku ya kizimbani utasimama peke yako. Futa hilo jina, na safari hii usiliandike tena.

Na nani alikwambia ujifungie chumbani? Mficha uchi hazai. Kukanwa ni aibu ya aliyekukana, wewe unaibebea nini?

Nenda kwa mlezi wa wanafunzi, mweleze kama ulivyonieleza mimi, hata ukilia. Omba muda wa ada, na uulize namna ya kukata rufaa ya mkopo. Nenda pia ustawi wa jamii upate barua ya kuthibitisha kwamba umelelewa na mama peke yake. Hao wana uwezo wa kumwita baba yako na kumuuliza maswali ambayo wewe hukuweza. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Wakikataa, ahirisha mwaka kwa maandishi. Kuahirisha si kufukuzwa.

Lakini kabla ya yote hayo, mpigie mama leo. Usianze na ada. Mwambie ulikwenda kumwona baba, na mwambie alichosema mbele ya mwenzake. Usiogope kumuumiza. Siku baba alipokuacha wewe, alimwacha na yeye, na huenda miaka yote hii anangoja mtu wa kuongea naye.