Natia Sahihi Usomaji wa Binti Yangu, na Mimi Mwenyewe Sijui Kusoma

Mpendwa Bi Rosalind,

Safu yako ya gazetini dada yangu Maxine hunisomea kwa sauti kila Alhamisi tukinywa chai, kwa sababu anapenda kucheka matatizo ya watu, na leo ndiye anayeandika hii nami nasema, maana mimi, mwanamume wa miaka arobaini na moja, fundi wa kuezeka mapaa, sijui kusoma, na jambo hilo hata yeye nimemwambia Jumapili tu, akalia, akanitukana, kisha akaenda kutafuta kalamu.

Nina binti mmoja, Keeley, ana miaka kumi, yuko darasa la sita, la mwisho pale shuleni kwao, na Septemba anaingia sekondari. Mama yake, Lorna, alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Shuleni kwao kila mtoto hupewa daftari dogo la manjano, jioni mzazi anamsikiliza mtoto akisoma kitabu chake, halafu anaandika tarehe na maneno mawili matatu na kutia sahihi, na kazi hiyo ilikuwa ya Lorna. Alipotutoka sikutaka mtoto aonekane hana mtu, basi nikalitoa daftari la zamani, nikanakili alichokuwa ameandika Lorna, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayechora ramani, na Maxine ananiambia leo kwamba maana yake ni "Amesoma vizuri sana, nimefurahi." Nimeandika hivyo kila jioni kwa miaka minne. Walimu walikuwa wakibadilika kila mwaka, hakuna aliyeuliza.

Naye Keeley alikuwa akisoma, Bi Rosalind, tena kwa madaha! Nikirudi kazini tunakula mkate wa kuchoma na maharage, nafuta meza, anafungua kitabu na kunisomea bila kukwama, habari za farasi aliyekataa kuvuka mto, za bibi aliyefuga kunguru jikoni, mimi nimeshika kikombe mpaka chai inapoa. Nilikuwa najisemea, huyu hatakuwa kama mimi.

Basi mwezi huu ikaja siku ya wazazi, nikakaa kwenye kile kiti cha kitoto mbele ya mwalimu wake, Bi Pickersgill, akaniambia polepole, "Bwana Ollerenshaw, Keeley ana maneno mengi mdomoni kuliko mtoto yeyote darasani kwangu. Lakini ukimwekea ukurasa mpya, anasoma kama mtoto wa miaka sita. Wenzake wakisoma yeye anafuatisha, akisikia mara moja ameshakariri. Sasa daftari linasema kila jioni anasoma vizuri. Nyumbani unasikia nini?"

Nikasema, "Anasoma vizuri tu." Darasani humo kuna watoto ambao nyumbani wanaongea Kipolandi na Kiurdu, na wanasoma Kiingereza vizuri kuliko wa kwangu, ambaye hajui lugha nyingine.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza, "Keeley, yule bibi wa kunguru yumo kitabuni?"

Akasema, "Na wewe, Baba, mbona ulitia sahihi?"

Akaniambia anajua tangu zamani kwamba sijui kusoma. Alipokuwa na miaka sita, wiki chache baada ya mazishi, aliniuliza neno moja, akaweka kidole, "Baba, hili ni nini?" nami nikamkaripia, "Soma mwenyewe, acha uvivu," nikaondoka kwenda kuwasha birika. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena neno, akaanza kutunga. Na sasa ananiambia, "Tusimwambie Bi Pickersgill. Wewe ukae kimya juu yangu, na mimi nakaa kimya juu yako."

Bi Pickersgill anafungua kikundi cha Jumatano asubuhi, watoto sita, kila mmoja na mzazi wake, wanasoma kwa zamu kwa sauti, mzazi na yeye anasoma. Karatasi ya kukubali irudi Ijumaa ijayo. Keeley analia nisiende, anasema niseme niko juu ya paa. Nikienda nitaumbuka mbele ya wazazi wenzangu na mtoto atachekwa. Nisipoenda, ataingia sekondari hivyo hivyo, na mimi najua mtu anavyoishi hivyo hivyo. Usiku na mchana nawaza hili tu. Nifanye nini?

Baba Keeley, Accrington, Uingereza

(Mimi Maxine naongeza kidogo ingawa nimeapa sitaongeza: kaka yangu si mjinga. Anapima paa zima kwa macho na hakosei. Umseme, lakini usimwonee.)

*

Baba Keeley,

Maxine, nimekusikia, lakini kusema nitasema.

Barua yako imenitoa machozi, na imenikasirisha pia. Kutojua kusoma si kosa lako, kuna walimu walikuwa na wewe darasani wakakuacha upite. Kosa lako ni lile karipio. Mtoto amezika mama, anakuuliza neno moja, unamwita mvivu ili yeye aone haya badala yako. Hilo umwombe radhi, tena nyumbani, mezani kwenu, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Usijitetee kwamba ulikuwa na majonzi. Na yeye alikuwa nayo.

Halafu acha kusema binti yako hajui kitu. Mtoto anayekaa kila jioni kwa miaka minne akitunga kisa chenye mwanzo na mwisho, mpaka mtu mzima anasahau chai yake, huyo Kiingereza anacho. Alichokosa ni herufi na sauti zake, na hizo zinafundishwa. Ana miaka kumi, hajachelewa. Akifika kumi na minne, amezoea kujificha, ndipo itakuwa kazi ngumu.

Yale makubaliano yenu yavunje, lakini usiyavunje kwa siri. Mwambie Keeley, "Kesho namwambia mwalimu habari zangu. Zako utasema mwenyewe ukipenda." Atalia. Mwache alie, na uende.

Usingoje Ijumaa, na usitume karatasi. Nenda asubuhi kabla kengele haijalia, umwombe Bi Pickersgill dakika tano, useme kwa kinywa chako, "Sijui kusoma, na daftari nimekuwa nikinakili." Hatacheka. Mwombe Jumatano za mwanzo akuweke msikilizaji tu, na mwombe pia aandike visa vya Keeley kama anavyovisema, ili mtoto aanze kusoma maneno yake mwenyewe. Kisha pita maktaba ya mjini, uulize darasa la watu wazima. Nenda na Maxine siku ya kwanza, baada ya hapo nenda peke yako. Na sahihi, usitie tena hata moja mpaka uweze kusoma kilicho juu yake.

Unaogopa kuumbuka mbele ya wazazi wenzako. Sikiliza nikuambie, wewe unayesimama juu ya paa mvua ikinyesha. Keeley hakutunga visa vile ili akudanganye. Aliona baba yake amebaki peke yake na ana jambo anaona haya kulisema, basi akaamua usiulizwe tena. Alikuwa na miaka sita. Ameubeba mzigo huo kila jioni tangu hapo, na kuusoma ukurasa mmoja bado hawezi. Nenda shuleni ukamtue.

Bi Rosalind