Zebaki Jikoni Mwako, Mama

Karagita, Naivasha
Jumapili baada ya ibada

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha siku ya leo. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Mzee naye, kile kikohozi kimemwachilia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haupo. Maua ni mengi msimu huu na tunatoka grihausi giza likiingia, lakini si kazi inayonikondesha. Ni nyumbani.

Barua hii nimempa Rael, jirani yangu hapa kwenye ploti, akuwekee mkononi mwako mwenyewe. Simu ya hapo nyumbani iko kwa Baba Neema, na kila nikitaja jambo hili anakata. Isome ukiwa peke yako, na tafadhali usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Juzi nilipiga, simu ikashikwa na Neema. "Mum, Baba ako na maji ya kung'aa kwa chupa!" Nikacheka. Nilidhani ni ile rangi ya fedha ya kupaka mabati, nikamuuliza kama amejichafua.

"Haichafui. Hata hailoweshi mkono. Inakimbia tu, na ikianguka chini inakuwa tumipira tudogo tudogo."

Hapo kicheko kiliniisha. Nikasema labda ni risasi, ile wanayoyeyusha kutoka kwa betri kuukuu. Lakini risasi ikitoka motoni inaganda, na Neema alisema chupa ni baridi. "Na ni kachupa tu ka dawa ya kikohozi, Mum, lakini ni kazito kushinda kilo ya sukari. Baba aliweka msumari juu, msumari ikaelea. Na pete ya Kukhu iliingia ndani ikatoka nyeupe."

Pete yako, Mama, ile ya dhahabu aliyokuvisha Mzee.

Mimi shule niliiachia kidato cha tatu, lakini hilo somo lilinikaa. Mwalimu alitufundisha kwamba metali unazozijua zote ukiziweka mezani hukaa ngumu, isipokuwa moja, hiyo humwagika. Inang'aa kama fedha, hailowanishi kitu, chuma huelea juu yake, na dhahabu huinywa. Sijawahi kumwomba Mungu nishindwe mtihani, siku hiyo nilimwomba. Sikumwambia mtoto ajaribu chochote, nilimuuliza tu aliyoyaona, na kila jibu lilikuwa lile lile nililoliogopa. Inaitwa zebaki. Ni sumu, Mama.

Baba Neema alipochukua simu nilimuuliza, wala hakukana. "Hiyo ni ya kushika dhahabu. Kila mtu anayechimba kwa mashimo anatumia. We shughulika na maua zako." Ili aitoe dhahabu humo lazima aichome, basi nikamuuliza anaichomea wapi. "Kwa jikoni ya Mathe, si nje kunanyesha?" Nikamuuliza, ukiichoma dhahabu ikabaki, ile zebaki huwa inaenda wapi?

"Inaisha," akasema.

Haiishi. Inapanda kama mvuke usio na rangi wala harufu, inagusa paa, inapoa, halafu inawarudia. Na pale juu ya mafiga ndipo ulipotundika mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Pale chini ndipo Neema analala nawe kwa ajili ya joto. Huku kwetu wakipuliza dawa kwenye maua, wanaweka kibendera chekundu mlangoni, na hata meneja haingii mpaka kitolewe. Huko kwako watu wanaingia kuota moto.

Neema aliniambia ufizi unamuuma, hataki ugali. Akaniambia pia, akicheka, kwamba siku hizi Kukhu anamwaga chai kwa sababu mikono inacheza. Nasikia wanasema ni uzee. Uzee gani, na Krismasi ulinishinda kulima ukanicheka mbele ya watu? Mama, nimechanganyikiwa. Nakata maua huku machozi yanaanguka, na msimamizi anadhani nimefiwa. Nimeomba ruhusa nije, nimenyimwa. Nikija bila ruhusa kazi inaondoka, na Baba Neema atanifungia mlango. Sina mwingine wa kumlilia ila wewe.

Najua mkaza mwana hamfundishi mama mkwe jikoni kwake. Lakini mafiga ni yako. Hata Mzee hajawahi kusogeza figa moja bila kukuuliza. Mimi nikisema nitaitwa mjuaji, Mzee akisema watagombana, ila wewe ukisema hapo hapapikwi kitu kisicholiwa, mwanao atatii. Mwambie leo. Kachupa kafungwe vizuri, katoke nje mbali na watu. Kasimwagwe mtoni wala chooni. Palipomwagika pasifagiwe, ufagio unaitawanya. Pika kwingine kwa sasa, na hayo mahindi msiyale. Halafu nendeni hospitali, mtaje neno hilo zebaki bila aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kama nimekosea, nitakuja nipige magoti mbele ya ukoo mzima niombe msamaha, na mnicheke mpaka mchoke. Natamani sana kuchekwa.

Nisalimie Mzee. Nisalimie shangazi yangu anayeimba nawe kwaya, na yule mama jirani anayekukamulia ng'ombe goti likikaza. Baba Neema pia msalimie. Mwambie sijamdharau, nampenda, na yeye ndiye anayeivuta ile sumu kwanza.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo gumu. Rael atarudi huku Jumamosi. Nimemwomba aje na Neema. Najua mtoto ni wa boma la baba yake, na watu watasema nimemwiba. Waseme. Nilipompa Rael nauli nilihesabu yake na ya Neema, nikafika hadi mlangoni, nikarudi nikaongeza. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, mimi nitalala chini. Nauli ya tatu ni yako, Mama. Njoo naye.

Mkaza mwanao,
Mama Neema