Kanda ya Kijivu Siifuti

Gaude, nilikuwa nalehemu spika za kwaya hapa kibandani Kihonda, nikaweka kanda ya kuzijaribia. Ile albamu ya kijivu ya wale jamaa wa rock. Mwaka tisini na mbili tulisema wamezeeka, wanaimba kama wana malaria.

Hawakuwa na malaria. Sote tulirekodiwa nakala na yule fundi wa sokoni, na deki aliyopigia kanda halisi ilikuwa na mkanda wa mpira uliolegea. Ilizunguka polepole. Leo nimepiga kanda halisi, nimeikuta kwenye boksi aliloniachia mwalimu mmoja wa Ngerengere. Gaude, wale watu wanakimbia. Miaka yote tumewahukumu kwa kosa la mpira.

Nikaongeza sauti. Kugeuka, Mzee Mkude, mwenyekiti wa kwaya, yuko mlangoni.

"Spika za kanisa zinaimba nini hiki?"

Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Ziba matundu ya hiyo kanda kwa karatasi ikubali kurekodi, unirekodie kwaya juu yake, nisikilize kwenye gari. Hutaki, spika nazipeleka kwa fundi mwingine."

Juu yake, Gaude. Juu yake.

Nikamwambia taratibu, "Mzee, kanda tupu ninayo, nakupa bure. Hii siifuti."

"Unanijibu?"

"Ndiyo, mzee. Nakujibu."

Mimi, nisiyewajibu wazee. Unanijua.

Kesho asubuhi anakuja na gari lake kuzichukua. Moja imepona. Ya pili nimeiacha wazi mezani, nitaimaliza kabla hajafika. Akiziondoa, aziondoe zikiwa nzima.

Upande wa pili wa kanda bado. Huo nitausikiliza akiwepo.